Mkalimani wa Nyumbani

Wengi katika ninyi msomao kitabu hiki mmepata kumsikia mtu aliyerudi kutoka Ulaya akisimulia habari za majumba marefu, na magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi, na baridi ikatayo masikio. Habari hizo ni za kweli, nami nimeyaona hayo yote. Lakini mtu akienda ugenini pamoja na mkewe na watoto wadogo, haangalii sana majumba. Huangalia viatu vya watoto, na pua za watoto, na uji uliomwagika. Mimi nalikaa katika nchi ya Uswidi miaka mitano, tangu mwezi wa Agosti 2014 hata Agosti 2019, na habari nitakazowaeleza hapa ni za mlangoni, na mezani, na kitandani. Nazo zina aibu kidogo, maana aliyekosa ndani yake ni mimi.

Kwetu ni Muheza, katika mkoa wa Tanga, nchi ya machungwa. Nalipata nafasi ya kwenda kusoma habari za udongo katika Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoko Uppsala, mji ulio kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Stockholm. Mke wangu alikubali kufuatana nami, na wakati ule twalikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka mitatu, mwenye maneno mengi kama chiriku. Mama yangu alitusindikiza hata kituo cha basi. Akamtia mjukuu wake chungwa mkononi, akamwambia, "Haya, mke mwenzangu, nenda salama, wala usinisahau." Ninyi mwajua utani wa bibi na mjukuu. Binti akalila chungwa lile kabla hatujafika Segera, kisha akalia kwa kuwa limekwisha.

Mtoto wa pili, mvulana, alizaliwa huko huko Uppsala mwezi wa Februari 2015, na theluji ilikuwa ikianguka dirishani. Mama alipopata habari kwa simu, alipiga kigelegele hata nikaondoa simu sikioni. "Huyo ndiye mume wangu," akasema. "Mleteni upesi kabla sijaota mvi zote."

Sasa nitawaeleza kidogo mambo ya kila siku, mpate kuijua nyumba yetu.

Kazi ya kwanza ya asubuhi, tangu Novemba hata Machi, ilikuwa kuwavika watoto. Mtoto huvikwa kwanza nguo za ndani za sufu, kisha soksi mbili, kisha suruali na sweta, kisha vazi moja nene linalomfunika tangu shingo hata miguu, kisha viatu vyenye manyoya ndani, na kofia, na shali, na mifuko ya mikono. Akiisha kuvikwa hawezi kuinama. Husimama mikono wazi kama sanamu la shambani la kufukuzia ndege. Hapo ndipo husema, "Baba, nataka kwenda chooni." Nisiseme kwamba ilikuwa kila siku, lakini ilikuwa siku nyingi.

Waswidi hawaiogopi baridi. Katika shule za chekechea watoto hutolewa nje wacheze kila siku, mvua ikinyesha au theluji ikianguka, nao watoto wachanga hulazwa mchana huko huko nje, ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri. Siku ya kwanza mke wangu alipoona vigari vinne vimepangwa ukutani, na watoto wamelala ndani yake, na baridi imekwisha pita chini ya sufuri, alisimama akashika kifua. Alidhani wametupwa. Baadaye mwana wetu naye alilala vile vile, mashavu yakawa baridi kama maji ya mtungi, naye hakuamka hata saa mbili zikapita. Ndani ya nyumba hakupata kulala hivyo hata mara moja.

Jambo moja lilitufanya tujione kama tuko kwetu, nalo ni viatu. Mswidi hakanyagi nyumbani kwa mtu na viatu vyake. Huvivua mlangoni, akaingia kwa soksi, awe mgeni mkubwa au mtoto wa jirani. Mke wangu alipoliona jambo hilo alifurahi sana. "Kumbe wana adabu za pwani," akasema. Lishikeni neno hili la viatu, maana nitalirudia.

Lakini jua la huko halina adabu za pwani. Sisi twahesabu saa tangu macheo, na hesabu hiyo ni ya watu wakaao karibu na ikweta. Huko Uppsala katikati ya Desemba jua hutoka karibu saa tatu kasoro robo, likapita chini chini juu ya miti kama mtu anayechungulia, likatua karibu saa tisa kasoro robo za mchana. Na katikati ya Juni halitui hata saa nne za usiku zipite, na watoto hawakubali kulala, maana nani alalaye mchana? Kwa sababu ya uchache wa jua watoto wachanga wote hupewa matone ya vitamini D kila siku mpaka miaka miwili, na wale wenye ngozi nyeusi, kama wetu, wakati ule waliambiwa waendelee baada ya hapo; kwa kuwa mwili huitengeneza vitamini hiyo kwa nguvu za jua, na ngozi nyeusi yahitaji jua zaidi. Matone yale hutiwa ulimini. Binti yangu aliyaita "jua la chupa."

Katika nchi ile, mtoto akizaliwa, wazazi hupata siku 480 za likizo yenye malipo, wagawane wawili, mama na baba. Nami nalichukua miezi mitatu, nikakaa nyumbani na mvulana mke wangu alipokuwa akijifunza Kiswidi. Nalimsukuma katika kigari chake kandokando ya mto Fyris, na baba wengine wa Kiswidi wakisukuma vya kwao, wala hapana aliyecheka. Aliyecheka ni mama yangu. "Nalikupeleka kusoma, nawe umekuwa yaya!" akasema. Lakini miezi ile mitatu ndiyo iliyokuwa bora, maana nalikuwa nikisema na mtoto kwa Kiswahili mchana kutwa: nikimwonyesha bata, nikamwambia bata, nikimwonyesha daraja, nikamwambia daraja. Laiti ningaliendelea.

Mwezi wa Agosti 2016 alitimiza mwaka mmoja na nusu, akaingia chekechea. Desturi ya huko ni mzazi kukaa na mtoto darasani siku za kwanza mpaka azoee, nami nalikaa naye juma zima katika kiti kifupi sana, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliniambia siku ile ya mwisho, "Sisi tutamfundisha Kiswidi. Ninyi semeni naye lugha yenu, tena nyingi." Hata mwuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa amekwisha tuambia neno lilo hilo. Nikaitikia, "Ndiyo," kisha sikulifanya.

Nikiulizwa kwa nini, sina jibu zuri. Masomo yangu chuoni yalikuwa kwa Kiingereza. Mke wangu alikuwa amepata kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na huko ni Kiswidi tupu. Jioni alirudi na maneno mapya, akapenda kuyatumia. Binti naye alileta Kiswidi chake kutoka shuleni, kizuri kuliko chetu sote. Mimi nalijisemea moyoni, "Waache watoto wajifunze lugha ya watu, wasichekwe. Kiswahili hakifundishwi, kitaota chenyewe kama nywele." Basi Kiswahili kikabaki cha kuitia watu chakula na cha kugombezea. Mvulana alijua "njoo," na "kula," na "lala," na "acha." Hata mbwa wa jirani angeweza kujifunza maneno hayo manne.

Tena kulikuwa na jambo la heshima. Waswidi, tangu mwisho wa miaka ya 1960, wameacha kuitana kwa vyeo; mtoto humwita mwalimu wake kwa jina lake la kwanza, na mwalimu haoni vibaya. Siku moja mezani mvulana alitaka mkate, akaniita kwa jina langu, kama rafiki zangu waniitavyo. Dada yake aliziba mdomo. Mimi nikainua mkono, kisha nikaushusha, maana nchi ile imekataza kwa sheria, tangu mwaka 1979, mtu kumpiga mtoto, hata mwanawe mwenyewe. Nayo ni nchi ya kwanza duniani kuiweka sheria hiyo. Wala sikumchukia mtoto, kwa kuwa hakukusudia ubaya. Lakini nalipotaka kumweleza kwa nini kwetu mtoto hamwiti baba kwa jina, nikaona kwamba siwezi. Kwa Kiswahili asingefahamu. Kwa Kiswidi mimi sikuwa na maneno ya kutosha. Maneno yangu yalikuwa ya dukani na ya kituo cha basi. Nikampa mkate.

Kila Jumapili twalimpigia mama yangu simu yenye picha. Wakati wa baridi Muheza iko mbele ya Uppsala kwa saa mbili, na wakati wa joto kwa saa moja. Mama alikaa barazani na kanga yake mpya, amejitengeneza kama mtu aendaye arusini. Binti alimwamkia, akazungumza kidogo. Mvulana alitazama tu. "Mume wangu, hujambo?" Kimya. "Mume wangu, umekula nini leo?" Akatazama dada yake. Mwanzo mama alisema mtoto ana haya. Kisha akasema labda hamwoni vizuri. Jumapili moja ya Desemba 2017 aliniambia polepole, "Mwanangu, niambie kweli. Mume wangu ni bubu?"

Nalicheka, nikasema, "Si bubu, mama, asema sana, ila asema Kiswidi." Mama hakucheka.

Sasa nimefika katika usiku ule. Ilikuwa mwezi wa Januari 2018, mvulana karibu atimize miaka mitatu. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku kazini. Kiasi cha saa saba nalisikia mtoto akilia, si kilio cha njaa wala cha deko. Nikamshika, mwili ulikuwa kama chungu kilichotoka jikoni. Akalia, akatupa kichwa huku na huku, na katikati ya kilio alikuwa akisema maneno, yale yale, mara nyingi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Wataka nini, baba?" Akasema maneno yale. Nikamletea maji, akayasukuma. Nikamletea blanketi, akalitupa. Nikamwuliza kwa Kiswidi changu cha dukani. Akanitazama, akalia zaidi, kama mtu aonaye kwamba amesemwa na mjinga.

Katika nchi ile iko namba moja ya simu, 1177, ambayo mtu akiipiga, usiku au mchana, hujibiwa na mwuguzi amshauri. Nikaipiga. Mwuguzi, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisema nami kwa Kiingereza. Akaniuliza joto la mtoto, nikamwambia digrii 39 na nusu. Akaniuliza kama shingo yake inakunjika, na kama ana vipele, nikamjibu. Kisha akasema, "Namsikia akisema. Anasema nini?"

Wasomaji wangu, mimi nalikuwa katika mwaka wa nne wa masomo ya juu. Nalikuwa nimesoma mbele ya waalimu wa nchi nyingi, nikajibu maswali yao. Swali hili la usiku ule lilinishinda. Nalikaa kimya, simu sikioni, mwanangu mapajani.

Nikamwamsha binti. Alikuja akifikicha macho, nywele zimesimama, umri wake miaka sita. Akasikiliza mara moja tu. "Asema sikio linamwuma, ndani, linapigapiga," akasema. "Na anataka kile kitambaa chake cha kulalia. Amekisahau chekechea." Kisha akainyosha mkono, akaishika simu, akamweleza mwuguzi yote kwa Kiswidi, kama mtu mzima. Nikamsikia akijibu, ndiyo, hapana, ndiyo. Aliponirudishia simu alinitazama, si kwa dharau, bali kwa kutaka kujua tu. "Baba," akasema, "kwani wewe humsikii?"

Mwuguzi alinieleza kipimo cha dawa ya kutuliza maumivu, akaniambia nimlaze mtoto kichwa kikiwa juu kidogo, na asubuhi nimpeleke akaonwe. Dada yake akatafuta kitambaa kingine laini, akamnong'oneza neno sikioni, lile lisilouma, naye akanyamaza, akalala. Mimi nalikaa kitini mpaka mke wangu aliporudi asubuhi, na nje bado giza. Sikumwambia mara moja. Nalimpikia chai kwanza.

Daktari aliona kwamba ni ugonjwa wa sikio la kati, ambao watoto wa umri ule huupata mara nyingi. Hakumpa dawa ya kuua vijidudu. Alisema kwa mtoto mwenye afya, aliyepita mwaka mmoja, mara nyingi sikio hupona lenyewe, basi tungoje siku mbili tatu, na joto lisiposhuka turudi. Lilishuka siku ya pili. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa, nanyi msidhani nimewaeleza habari ya kifo. Ila mimi nalijiuliza, je, kama binti asingalikuwako?

Jumapili iliyofuata nalimweleza mama mambo yote, bila kuficha. Nalingoja anikaripie. Akakaa kimya, akavuta kanga yake, kisha akasema hivi: "Unamkumbuka bibi yako, mama yangu mimi? Alikuwa akisema nawe Kibondei, nawe ukimjibu Kiswahili. Siku moja akaniambia, 'Mwanao hanijibu.' Mimi nalicheka. Nalimwambia, 'Ana haya tu.'"

Neno hilo lilinichoma, maana ni kweli. Sisi ni Wabondei, lakini Kibondei changu ni salamu tu, na majina ya vyakula viwili vitatu. Bibi yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na hadithi zake alizozisema usiku nalizisikia kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati: nzuri, lakini sikujua zinasema nini. Sikupata kumwuliza.

Mke wangu ndiye aliyeweka amri, maana yeye ana akili ya kazi kuliko mimi. Akasema, "Viatu tunaviacha mlangoni. Na Kiswidi tutakiacha mlangoni pamoja na viatu." Nikamwuliza, "Na Kiingereza chako wewe?" Akanijibu, "Chako, mwenzangu, si changu. Nacho mlangoni." Akaandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya rafu ya viatu.

Msidhani lilikuwa jambo rahisi. Binti alikubali, kwa kuwa kwake ilikuwa kama mchezo. Mvulana alikasirika. Majuma matatu ya kwanza hakusema karibu neno lolote nyumbani. Alionyesha kwa kidole, nasi tukataja kitu kile kwa Kiswahili kabla hatujampa. Alitaka maziwa, akaonyesha, nikasema, "Maziwa", akanitazama kwa macho ya kiburi, akaondoka bila maziwa. Mke wangu aligeuza uso ukutani nisimwone akitokwa na machozi. Kisha mtoto akagundua hila. Alifungua mlango wa nyumba, akasimama kizingitini, kidole cha mguu mmoja kikiwa nje, kwenye ngazi, akaanza kusema Kiswidi kwa sauti kuu, mambo yote aliyoyaweka tangu asubuhi. Alipomaliza alirudisha mguu, akafunga mlango, akanyamaza tena. Baridi iliyoingia siku zile ilikuwa nyingi, lakini amri hakuivunja, nami sikuweza kumlaumu.

Kilichomfungua ni hadithi za bibi yake. Mama alisema tumpe simu mtoto peke yake, sisi tutoke chumbani. Sijui alifanyaje Jumapili ile ya kwanza, kwa kuwa mtu mmoja hakujua lugha ya mwenziwe. Nalisikia nyuma ya mlango, "Paukwa!" na kimya. "Paukwa!" na kimya. Kisha mama akajijibu mwenyewe, "Pakawa!" kwa sauti ya mtoto. Mara ya sita au ya saba nalisikia sauti mbili. Hadithi ilikuwa ya sungura na fisi, na mama alikuwa akiruka, na kulia, na kuchechemea mbele ya simu, mwanamke wa miaka sitini na minane. Majirani zake huko Muheza walikuja kutazama. Jumapili ya pili wakaja zaidi, na viti.

Baadaye msaada mwingine ulipatikana. Katika nchi ile, mtoto wa shule ya msingi ambaye nyumbani kwake husemwa lugha nyingine ana haki ya kufundishwa lugha hiyo shuleni, ikiwa anaijua kidogo na anaitumia nyumbani, na ikiwa wanafunzi watano katika mji wanaitaka, na mwalimu akipatikana. Binti alipoingia darasa la kwanza, mwezi wa Agosti 2018, twaliandika jina lake. Wakapatikana wanafunzi wa kutosha. Kipindi kilikuwa kimoja kwa juma, mchana, wakati wenzao wamekwisha kwenda zao, na watoto walikuwa wamechoka. Wengi wao walikuwa watoto wa Wakongo, waliokimbia vita vya Kivu na wazee wao. Binti akarudi nyumbani akisema "batoto" na "batu." Mimi nikamsahihisha kwa ukali kidogo. Siku ya Jumapili akayasema mbele ya bibi yake, nami nikaanza kumsahihisha tena, mama akanikatiza. "Mwache," akasema. "Umesahau ulivyokuwa ukimtafuta mtu wa kusema nawe?"

Mvulana hakupata kusema kama mtoto wa Muheza, wala sitawadanganya. Alisema "kiti yangu" na "miti kubwa," na alipokosa neno alitia la Kiswidi katikati, akaliongezea kiambishi mbele na irabu nyuma, likawa kama limezaliwa Pangani. Shikamoo aliipenda sana mara alipoijua, akamwamkia kila mtu: mwenye duka, dereva wa basi, na mtoto mchanga wa jirani aliyekuwa kigarini. Mswidi mmoja mzee wa ghorofa ya chini alimwuliza maana yake. Alipoelezwa na mke wangu, akajifunza kuitikia marahaba, akawa anangoja ngazini kila asubuhi aamkiwe.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2018. Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilianza kuanguka alasiri, giza likiingia. Mvulana alikuwa dirishani na simu, akimwonyesha bibi yake, lakini katika giza bibi hakuona kitu. Nalikuwa jikoni. Nalimsikia akitafuta neno. Sisi hatukuwa tumemfundisha kusema theluji; twalikuwa tukisema baridi tu. Akaanza neno la Kiswidi, akatazama mlango na viatu vyake, akaliacha.

"Bibi," akasema, "huku mvua nyeupe."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia akiuliza, "Mvua nyeupe? Nayo yanyesha kwa kelele, au kimya?"

"Kimya, Bibi. Kimya sana."

"Haya, mume wangu," akasema, akijiweka sawa kitini. "Niambie."